Kansa: Kikulacho ki Nguoni Mwako

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilikuwa nimesimama kituo cha basi pale Mnazi Mmoja, jua la saa nane likinichoma utosini, mara mzee mmoja mwenye kanzu na kofia ya viua akanisogelea. Nikampa shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kumbe alikuwa ameitambua sauti yangu nilipokuwa nikibishana na kondakta. Akanishika mkono, akasema: "Nyinyi watu wa redio mnasoma sana. Hebu niambie. Wenzetu wamefika mwezini, wametengeneza simu ambayo unazungumza na mtu aliyeko Ulaya huku unamwona uso. Mbona kansa imewashinda? Au dawa wanayo, ila wanatuficha?"

Basi langu likaja kabla sijamjibu. Nilipanda, lakini swali lake lilipanda pamoja nami. Mazungumzo ya leo ni jibu langu kwa mzee yule, popote alipo.

Kwanza niseme wazi kwamba swali lile lilinigusa mahali penye donda. Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, aliyenilipia karo ya sekondari, alikufa kwa kansa ya koo. Ilianza kwa kukwamwa na tonge la ugali. Baada ya muda hata uji ukawa haupiti. Tulipomfikisha hospitali, daktari alitutazama kwa huruma, akasema tumechelewa. Na kwa nini tulichelewa? Kwa sababu kwa miezi minne tulikuwa tukimnywesha dawa ya chupa niliyoinunua mimi mwenyewe, kwa mtu aliyeniapia kwamba inayeyusha uvimbe wa kila aina. Sikumwuliza mtu yule hata maswali matatu mepesi: Umewapa watu wangapi? Wangapi walipona? Na wangapi hawakupona?

Naomba msikilizaji uyashike maswali hayo matatu. Tutayahitaji mbele ya safari.

Sasa tuje kwenye kansa yenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sidhani kama kuna maradhi yanayostahili methali hiyo kuliko haya. Malaria huletwa na mdudu mgeni. Kifua kikuu huletwa na bakteria aliyetoka nje. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, humwona mgeni huyo, wakapiga mbiu, wakamshambulia. Lakini kansa si mgeni. Ni chembe ya mwili wako mwenyewe iliyoasi, ikakataa kufa wakati wake na kuanza kuzaana bila kipimo. Imevaa sare ile ile wanayovaa chembe nyingine. Askari atamtambuaje mhalifu aliyevaa sare ya askari?

Swali hilo ndilo lililowatesa wataalamu kwa zaidi ya miaka 100: je, chembe ya kansa ina alama yoyote ambayo chembe nzima haina?

Mwanzo wa kisa uko New York, Marekani. Mwaka 1891 daktari mpasuaji kijana, William Coley, alimpoteza mgonjwa wake, msichana wa miaka 17 aliyekuwa na kansa ya mfupa. Alikuwa amemkata mkono ili kumwokoa, lakini wapi. Kwa uchungu huo Coley akaingia kwenye majalada ya zamani ya hospitali. Huko akakuta habari za mtu mmoja aliyekuwa na uvimbe wa kansa shingoni, uliokuwa ukirudi kila ulipokatwa. Mtu huyo alipatwa na ugonjwa mkali wa ngozi unaoletwa na bakteria, akawaka homa, na homa ilipoondoka, uvimbe nao ukayeyuka. Coley akamtafuta mitaani mpaka akampata, mzima wa afya, miaka kama saba baadaye. Ndipo akaanza kuwadunga wagonjwa bakteria kwa makusudi. Baadhi walipata nafuu ya ajabu, wengine hawakupata kitu, na wengine walidhurika. Hakuweza kueleza sababu. Alifariki mwaka 1936, na wakati huo madaktari wengi walikuwa wameshaelekea kwenye tiba ya mionzi.

Ikawa kimya cha muda mrefu. Mwaka 1957, huko huko Marekani, watafiti wawili, Richmond Prehn na Joan Main, wakafanya jaribio kwa panya. Waliwapa panya uvimbe wa kansa uliotokana na kemikali, kisha wakauondoa. Walipowapandikizia tena chembe za uvimbe ule ule, panya wale waliukataa. Lakini walipopandikizwa ngozi ya kawaida kutoka kwa panya yule aliyetoa uvimbe, waliipokea bila ugomvi. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba kansa ile ilikuwa na alama yake, tofauti na mwili uliobaki. Wataalamu huiita alama ya namna hiyo antijeni, yaani kitu ambacho askari wa mwili wakikiona hukitambua na kukishambulia.

Sawa, panya wana alama. Je, binadamu?

Hapa kisa kinahamia Ujerumani, katika mji wa Mainz, mapema miaka ya 1980. Mama mmoja alikuwa na melanoma, kansa mbaya ya ngozi inayotokana na chembe zinazotengeneza rangi, nayo ilikuwa imeshasambaa mwilini. Katika karatasi za kitaalamu anaitwa MZ2 tu. Daktari wake, Alexander Knuth, alichukua chembe za uvimbe wa mama huyo, zikakuzwa katika maabara, zikauawa, kisha akamdunga nazo kama chanjo, tena na tena. Mama yule aliishi miaka mingi bila kansa kurudi. Sasa tusiwe wepesi wa kushangilia: mtu mmoja si ushahidi. Alikuwa amepasuliwa na kupewa dawa nyingine pia. Lakini damu yake ilikuwa na hazina. Ndani yake walipatikana askari waliokuwa wakiua chembe za uvimbe wake mwenyewe katika maabara. Kumbe walikuwa wameiona alama!

Ni alama gani? Kazi hiyo ilifanyika Brussels, Ubelgiji, chini ya Thierry Boon. Fikiria una kibunda cha funguo maelfu kwa maelfu na mlango mmoja tu. Boon na wenzake walipata chembe za uvimbe wa mama yule zilizokuwa zimeipoteza alama, zikawa haziuawi tena. Kisha wakazipandikizia vipande vya jeni kutoka kwenye uvimbe wa awali, fungu baada ya fungu, wakingoja ni fungu lipi litakalowaamsha askari. Kazi ya miaka. Hatimaye, Desemba 1991, Pierre van der Bruggen, Boon na wenzao wakatangaza: jeni imepatikana. Wakaiita MAGE. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kuijua jeni ya alama ya kansa ambayo askari wa mwili huitambua.

Na jeni hii, msikilizaji, ina kisa chake. Kila chembe ya mwili wako inayo, lakini imelala. Katika mtu mzima huwa macho hasa katika korodani tu, mahali ambapo mbegu za uzazi hutengenezwa. Kansa inapovuruga taratibu za chembe, jeni hii iliyolala huamshwa mahali pasipo pake. Ni kama kumkuta mtu amevaa nguo za jando sokoni mchana kweupe. Nguo ni zake kweli, ila mahali si penyewe.

Baada ya hapo ndugu zake wakaanza kupatikana mmoja mmoja. Mwaka 1997 huko New York, Yao-Tseng Chen, Lloyd Old na wenzao walipata alama nyingine ya jamii hiyo, wakaiita NY-ESO-1. Herufi mbili za kwanza ni New York. Na zile tatu zinazofuata? Ni za umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, kwa sababu alama hiyo ilipatikana kwenye uvimbe wa kansa ya umio. Niliposoma hayo niliweka kitabu chini. Kansa ya umio ndiyo iliyomchukua mjomba wangu. Nayo inatuandama sana sisi wa upande huu wa Afrika, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Tanzania na Malawi, mpaka Afrika Kusini.

Basi alama imejulikana. Kazi iliyobaki, mtu angedhani, ni ndogo: tengeneza alama hiyo kwa wingi, wadunge wagonjwa, askari waione, wajifunze, wakaisake mwilini. Na ufundi wa kuitengeneza ulikuwepo. Tangu mwaka 1973 wataalamu walijua namna ya kuchukua jeni ya kiumbe kimoja na kuitia ndani ya bakteria, na bakteria yule akawa kiwanda. Insulini wanayojidunga wagonjwa wa kisukari ilianza kutengenezwa hivyo, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1982. Vivyo hivyo jeni ya binadamu iitwayo MAGE-A3, ndugu wa ile ya kwanza, ilitiwa ndani ya bakteria anayeishi kwenye utumbo. Bakteria wakalishwa ndani ya mapipa, wakazaana, wakatengeneza protini ya kansa ya binadamu bila kujua wanachokifanya. Protini hiyo iliunganishwa na kipande cha protini ya bakteria mwingine ili kuwashtua askari zaidi, na ikapewa mkia mdogo wa kuikamatia wakati wa kuisafisha, kama kamba unayomfunga mbuzi ili asipotelee kundini. Ikachanganywa na viamsho, kimojawapo kikitoka kwenye magome ya mti wa Chile.

Kampuni ya GlaxoSmithKline ndiyo iliyoibeba kazi hii. Jaribio la kwanza kwa wagonjwa 182 wa kansa ya mapafu lilitia moyo, ingawa tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo kiasi kwamba ingeweza kuwa bahati tu. Mfanyabiashara wa chupa angeishia hapo, akafungua duka. Wao hawakuishia hapo. Kuanzia mwaka 2007 walipima uvimbe wa wagonjwa 13,849 wa kansa ya mapafu katika nchi 34. Kwa wale ambao vipimo vyao vilisomeka vizuri, mmoja kati ya watatu alikuwa na alama ya MAGE-A3. Wagonjwa 1,515 waliokwisha kupasuliwa wakapewa chanjo, na wengine 757 wakapewa sindano isiyo na dawa. Sindano 13 katika miezi 27. Wala mgonjwa wala daktari hakujua nani anapata nini.

Mwaka 2014 majibu yakatoka. Wale waliochanjwa, nusu yao walikaa zaidi ya miezi 60.5 kabla kansa haijarudi au mauti hayajawafika. Wale wa sindano tupu, miezi 57.9. Kwa hesabu za kitaalamu, hakuna tofauti. Jaribio kama hilo kwa wagonjwa wa melanoma lilikuwa limeshashindwa mwaka uliotangulia. Kampuni ikafunga jalada.

Msikilizaji, hebu tulia hapo kidogo. Alama ilikuwa ya kweli. Protini ilikuwa safi. Miili ya wagonjwa iliitambua, hata ikatengeneza silaha dhidi yake. Na bado dawa haikufanya kazi.

Palikuwa na msiba mwingine. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba watafiti wa Marekani walikuwa wamejaribu njia nyingine: badala ya kuwafundisha askari ndani ya mwili, waliwatoa nje, wakawanoa katika maabara mpaka wakawa wakali mno dhidi ya MAGE-A3, kisha wakawarudisha. Wagonjwa wawili wa kwanza walikufa katika siku chache, moyo ukishindwa kazi. Uchunguzi ukaonyesha kwamba ndani ya misuli ya moyo mna protini iitwayo titini, yenye kipande kinachofanana na kile cha MAGE-A3. Askari walionolewa kupita kiasi waliuona moyo wakadhani ni kansa. Vipimo vya awali havikuonyesha hatari hiyo. Ilionekana tu walipotumia chembe za moyo zinazodunda. Hao wawili walilipa kwa maisha yao somo ambalo leo kila mtafiti wa jambo hili analijua.

Sasa mzee wangu wa Mnazi Mmoja atasema: "Si nilikwambia? Wameshindwa." Subiri kidogo, mzee.

Wakati chanjo hizi zikishindwa, wataalamu wengine walikuwa wakigundua kwa nini askari wanaoiona kansa hawaiui. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walionyesha kwamba askari wa mwili wana breki, na kansa hujifunza kuzikanyaga breki hizo. Dawa ya kwanza ya kuziachia iliruhusiwa Marekani mwaka 2011, na wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Kumwonyesha askari picha ya mwizi hakusaidii ikiwa umemfunga miguu.

Na ile jamii ya MAGE haikufa. Agosti 2024 Marekani iliruhusu tiba ya askari waliofundishwa kuitambua MAGE-A4, kwa wagonjwa wa kansa moja adimu. Katika jaribio la watu 44, uvimbe ulipungua au kutoweka kwa zaidi kidogo ya 4 kati ya kila 10. Ni wachache, lakini ni watu, na kila mmoja ana mjomba na mpwa. Huko Mainz nako, Uğur Şahin na Özlem Türeci, mtu na mkewe waliotumia miaka mingi kusaka alama za kansa, walianzisha kampuni ya BioNTech mwaka 2008. Ufundi walioukuza kwa ajili ya kansa ndio uliotoa chanjo ya Uviko mwaka 2020. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilianza kujenga kiwanda Kigali.

Lakini hapa nina neno ambalo sitalimeza. Chembe ya mwili haionyeshi alama hizi hovyo. Huziweka juu ya visinia vidogo mno, na visinia hivyo ni vya aina nyingi. Kila mtu hurithi vyake kwa baba na mama. Ile tiba ya mwaka 2024 huwafaa tu watu wenye aina fulani za visinia, na aina iliyofanyiwa kazi zaidi ni ya kawaida Ulaya kuliko kwetu. Si njama, mzee wangu. Mtu huchimba kisima karibu na nyumba yake. Lakini ikiwa sisi hatutapima damu zetu, wala kuwafunza vijana wetu kazi hii, kisima kitachimbwa mbali, nasi tutakwenda na ndoo tukute kamba haifiki.

Na tusidharau kilichokwisha kutufikia. Chanjo ya kansa ya shingo ya kizazi, iliyoanza kutolewa kwa wasichana nchi nzima hapa Tanzania mwaka 2018, ni mtoto wa ufundi huo huo wa kutia jeni ndani ya kiumbe kidogo. Inafanya kazi vizuri kwa sababu alama yake ni ya kirusi, na kirusi ni mgeni. Mwili humkamata kabla hajaiasisha chembe. Mgeni ni rahisi kumtambua. Ndugu aliyeasi ndiye mgumu.

Nirudi kwenye maswali yale matatu. Umewapa watu wangapi? Wangapi walipona? Wangapi hawakupona? Hawa waliotengeneza protini ya MAGE-A3 waliulizwa, wakajibu mbele ya dunia nzima: tuliwapa watu 1,515, na haikuwasaidia kuliko sindano tupu. Walipoteza fedha nyingi kwa kusema hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, nao hawakuficha. Kwa hiyo, mzee wangu, mtu anayeficha dawa sijamwona katika kisa hiki. Nimeona watu waliotangaza kushindwa kwao ili wanaofuata wasipite njia ile ile. Aliyenificha mimi ni yule wa chupa. Na mimi nilimsaidia kuficha, kwa kutomwuliza.

Miezi ile minne hairudi. Huenda mjomba angekufa tu; kansa ya umio ni katili, na daktari hakuniahidi lolote. Lakini angefika mapema, angeangaliwa mapema, pengine angekula ugali miezi michache zaidi mezani kwake. Nalibeba hilo.

Basi ndugu msikilizaji, ukikwamwa na chakula majuma mawili matatu, ukiona uvimbe usioondoka au damu isiyo na sababu, usingoje. Nenda hospitali. Na mtu akikuletea chupa, mpe heshima yake, lakini mwulize yale maswali matatu. Akikasirika, umeshapata jibu.

Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.